Pua ya Kioo ya Ilyushin

Tangu nirudi, kila nikiagiza chai pale kibandani mnaniuliza jambo lilelile: Ewoi, uliiona? Nasema niliiona, halafu lori la mtu linapigiwa honi au simu inalia, na habari inakatikia hapo. Kwa hiyo nimeamua kuiandika yote, kwa ajili yenu mliopakia magunia pamoja nami Lokichoggio, uwanja wetu ule wa ndege za misaada mpakani, na kwa ajili ya vijana wenu wanaodhani tunatia chumvi tukisema ndege moja ilimeza mizigo ya malori mazima. Mambo ya viza na tiketi nitayaruka.

Kwa asiyejua, mwanzo wa safari hii ni ugomvi wa nyumbani. Mke wangu Adut ni Mdinka wa Bahr el Ghazal. Mwaka ule wa njaa kubwa mimi nilikuwa kijana wa kubeba magunia Loki, na yeye alikuwa mtoto mdogo ng'ambo ya mpaka, kule chini ambako magunia yalikuwa yakiangukia. Hatukujuana, tulikutana kambini Kakuma baadaye, tukiwa watu wazima. Yeye husimulia hivi. Wazee walitandaza magunia meupe uwanjani yakawa msalaba mkubwa, alama ya kuonyesha ndege mahali pa kudondosha chakula. Watu wakaambiwa wakae mbali, chini ya miti. Adut kwa njaa yake akachomoka, akakimbilia msalabani awe wa kwanza. Ilyushin, ile ndege kubwa ya mizigo ya Warusi, ikaja, ikashuka, ikapita juu yake na haikudondosha kitu. Ikaenda zake. Kijiji kizima kikamgeukia mtoto yule kwamba amefukuza chakula. Akachapwa na wanawake asiowajua. Kisha ndege ikazunguka kule mbali, ikarudi, ikadondosha.

Yeye anasema mtu alimwona. Anasema ndani ya ile pua ya kioo, chini ya marubani, palikuwa na mtu aliyemwona akakataa kumwangushia magunia. Mimi miaka yote nimemwambia haiwezekani. Ndege huzunguka kwa sababu zake, upepo au hesabu, na isitoshe siku hiyo Adut alivaa gunia jeupe lililotobolewa shingo na mikono, naye amesimama juu ya magunia meupe. Nani angemwona? Nilisema hayo kama bingwa, ingawa sikuwahi kuruka na ndege ile hata siku moja. Kazi yangu iliishia mlangoni.

Adut amekuwa mpishi Dubai kwa miaka kadhaa, kwa familia moja ya mtaa wa Mirdif. Mkataba ulipokaribia kuisha alinipigia simu. Alikuwa amefahamiana na mfanyabiashara wa Lamu anayetuma mizigo ya haraka kwa Ilyushin.

"Baba Akol, ndege yako bado iko hai," akaniambia. "Sirudi nyumbani kabla sijamuuliza mtu wa kioo. Njoo uwe shahidi, usije ukasema nimetunga."

Nami mnanijua. Nikisikia injini yoyote ikiondoka, miguu inaniwasha.

Lodwar hadi Nairobi

Adut aliniagiza unga wa mtama wa nyumbani. Niliufunga jinsi tulivyofundishwa Loki: mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko, kila wa nje ukiwa mkubwa kuliko wa ndani na umeachiwa nafasi. Nyinyi mnajua kwa nini. Gunia likitua kutoka angani la ndani hupasuka, la pili hupokea, la tatu huzuia nafaka isimwagike. Mzigo wangu haukuwa wa kudondoshwa popote, lakini mikono ilifanya yenyewe. Mama aliutazama akaniuliza kama nategemea kuutupa kutoka juu.

Basi lilikaa nusu siku nzima kwenye ukingo wa lagga, mto wa msimu, iliyojaa maji, karibu na Kainuk. Tulikula mbuzi wa kuchoma aliyeuzwa na watu waliojua kabisa kwamba hatuna pa kwenda. Mzee mmoja wa Kapenguria aliyeketi ubavuni mwangu alitaka kujua naenda Dubai kuuza nini. Nikamwambia naenda kutazama ndege. Akafikiri sana, akachokonoa meno, akauliza kama ile nitakayosafiria haitoshi.

Nairobi hadi Dubai

Ndiyo, mimi niliyepakia ndege ujana wangu wote nilikuwa sijawahi kuinuka ardhini. Niliketi safu ya katikati, sikuona dirisha. Niliona kisogo cha mtu na kioo kidogo cha sinema. Ilipopaa nilisubiri kusikia mizigo ikigonga ukutani, haikugonga, nikajua hii ni ndege ya watu wastaarabu.

Taabu ilikuwa forodhani. Kijana wa kandura nyeupe, kanzu ya kwao, aliona kwenye mashine mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko, akaniita. Akafungua wa kwanza, akanitazama. Akafungua wa pili, akanitazama zaidi. Alipofika kwenye unga akaniuliza kwa Kiingereza mtu anaficha unga mara tatu kwa sababu gani. Nikaeleza kwa maneno na mikono: ndege, juu, gunia, linaanguka, linapasuka. Nilipoona uso wake nikatambua nimemwambia ofisa wa uwanja wa ndege kwamba nina nia ya kuangusha kitu kutoka angani na kikapasuka. Nikakalishwa kwenye kiti pembeni. Wakaja wenzake.

Aliyeniokoa ni mzee wa Kisudani aliyekuwa akikusanya matoroli. Aliusikiliza ugomvi, akauangalia mfuko, akaanza kusema Kiarabu kirefu huku akionyesha dari na sakafu. Sikuelewa neno, ila niliona nyuso zikilegea moja baada ya nyingine. Yule kijana akachovya kidole kwenye unga, akaonja. Kisha akaifunga mwenyewe mifuko yote mitatu, kwa adabu, kama anavyofunga mtu mwenye mama yake. "Yalla," akasema, "karibu Dubai."

International City na Mirdif

Nililala kwa Wafula wa Bungoma, ambaye niliwahi kuendesha naye malori njia ya Juba. Sasa ni mlinzi wa jengo, anakaa mtaa wa International City katika chumba cha vitanda vya ghorofa na wenzake wengi, kila mtu na pazia lake. Waliponusa unga wa mtama habari ya zawadi ya Adut ikaishia hapo. Ugali ulisongwa, mtu akatoa sukuma aliyoificha kwenye friji katika chombo chenye jina lake, na Wafula akatangaza kwamba mzee wa anga ameleta nyumbani. Ulibaki unga wa vikombe viwili hivi. Nikaurudisha kwenye mifuko yake mitatu nikaufunga.

Kesho yake nilipanda basi, nikapanda treni, nikapanda basi jingine hadi Mirdif. Mtaa ule una kuta ndefu na magari makubwa. Mtu anayetembea kwa miguu anageuziwa shingo. Mlangoni madam mwenyewe alinifungulia. Akaniuliza kama nina leseni ya hapa, maana dereva wao alikuwa karibu kwenda likizo. Nilipoanza kumweleza kwamba leseni yangu ni ya malori, Adut akatokea nyuma yake akicheka mpaka akashika ukuta.

"Madam, huyu si dereva. Huyu ni mume wangu."

Madam naye akacheka, akatuletea wali wa nyama na tende za kubeba, akamwambia Adut siku zake zilizobaki ziwe huru. Tulipofika kwenye kona ndipo Adut aliponitazama vizuri.

"Umezeeka," akasema.

"Nimepigwa na vumbi. Nikinawa litatoka."

"Na unga wangu?"

Nikamwambia ukweli. Akasema angenishangaa ningeufikisha.

Deira, tukingoja

Shee, yule mfanyabiashara wa Lamu, tulimkuta gatini Deira, kwenye kingo za hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, amekalia boksi la friji kati ya matairi na biskuti zinazokwenda Bosaso. Ni mtu mnene, mpole, asiyemaliza sentensi bila inshallah. Mizigo mingi huipeleka kwa bahari. Yenye haraka huipeleka kwa Ilyushin, inayotua kwenye uwanja ule wa jangwani kusini mwa mji, inapakia na kuondoka siku hiyohiyo.

"Jumamosi iko hapa, sheikh," akaniambia. "Inshallah."

Jumamosi ndege haikuja. Ilikuwa imekwama nchi nyingine kwa vumbi. Ikasemwa Jumatatu, Jumatatu gurudumu moja lilikuwa linasubiri mwenzake kutoka mbali. Kila siku tulienda Deira, Shee akatulisha biriani kwenye sinia moja na chai ya maziwa yenye iliki, akatupa habari mpya za kutokuja kwake. Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za Alhamisi jioni, na hazikubadilika. Mimi nilikuwa na raha zangu. Niliangalia mizigo, nilisikia Kiswahili cha kila pwani, nilisahau nimekuja kwa nini.

Jumatano Shee aliposema labda wiki ijayo, Adut aliacha kula.

"Tutakuja mwaka mwingine," nikamwambia. "Ndege haizeeki."

"Hii imezeeka. Na yule mtu wa kioo amezeeka zaidi," akasema. "Wewe kwako ni ndege. Mimi mama yangu mwenyewe alifariki akiamini nilifukuza chakula, na kwamba kilirudi kwa bahati tu. Nikirudi bila kuuliza, nitakaa na fimbo za wale wanawake mgongoni mpaka nizikwe."

Miaka yote tulipobishana sikuwahi kujua habari ya mama yake. Nilidhani tunabishana juu ya ndege.

Uwanja wa jangwani

Alhamisi asubuhi simu ya Shee ililia kabla hatujanywa chai. Imetua. Inaondoka mchana. Tukajaza masanduku kwenye gari lake, Adut akavaa gauni jeupe alilokusudia kusafiria. Shee akasema mtu haendi kwa wageni mikono mitupu. Kitu pekee tulichokuwa nacho ni ule unga kidogo uliobaki, nikaubeba ulivyo, katika mifuko yake mitatu.

Vitu vya ujanani mara nyingi hupungua ukivirudia. Shule yangu ya msingi ilipungua, hata mto wa Turkwel ulipungua. Nilikuwa nimejiandaa kuiona ndege ndogo. Tuliposhuka kwenye gari nilisimama, nikasahau kufunga mlango.

Jamani, haikupungua. Mabawa yamekaa juu mgongoni na kuinama kidogo, kama ndege wa ziwani anayekausha mbawa. Injini nne zimening'inia chini yake. Mkia umesimama juu ya mlango wa nyuma kama mnara wa kanisa. Tumbo liko chini sana, limelala juu ya magurudumu ishirini, unaweza kulipapasa ukiwa umesimama. Mbele, chini ya madirisha ya marubani, ile pua ya kioo yenye fremu nyingi, kama jicho la nzi. Na kule nyuma kabisa, chini ya mkia, kile kichumba alichokuwa akikaa askari na bunduki zake, sasa kimezibwa kwa bati. Warusi waliijenga ibebe vifaru vya vita. Sisi tuliijaza mahindi. Siku hiyo ilikuwa inajazwa friji za Shee. Nilishika ubavu wake. Ulikuwa na joto. Nikasikia ile harufu, mafuta na grisi na chai nyeusi, na magoti yangu yakawa ya mtu wa miaka ishirini.

Mkuu wa mizigo hakutaka hata kutusikiliza. Wamechelewa, hakuna wageni, khalas. Shee akabembeleza kwa Kiarabu, akashindwa. Adut alisimama pale kwenye jua akiitazama pua ya kioo. Nikaona nimkabidhi mtu yeyote ule unga tuondoke. Kwenye kivuli cha bawa palikuwa na mzee wa Kirusi, kaptura na malapa, nywele nyeupe, ameshika kikombe cha chai. Nikampa.

Akafungua mfuko wa kwanza. Akaona wa pili, akanitazama. Alipofika wa tatu hakuutazama unga. Aliitazama ile mifuko, akaingiza vidole kwenye nafasi iliyoachwa kati ya mmoja na mwingine, akaanza kucheka polepole.

"Loki," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi Loki. Miaka mingi. Haraka haraka, magunia. Pole pole, rafiki. Chai moto." Kiswahili chake chote ndicho hicho, na kila neno nililijua kwa sauti yake ya uwanjani. Jina lake Gena. Kazi yake, akajigonga kifua, akaonyesha pua ya kioo: kuongoza njia. Yeye ndiye hukaa pale.

Mkuu wa mizigo alipofungua kinywa, Gena alimwambia jambo kwa Kirusi na mambo yakaisha. Tukapanda. Tumbo ni refu kama ghala, na darini mna winchi zilezile zinazotembea kwenye reli. Tukapita kati ya friji, tukashuka ngazi fupi, na hapo mbele palikuwa na kiti kimoja kimezungukwa na vioo hadi miguuni. Gena akamkalisha Adut. Chini ya viatu vyake aliona lami.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha Gena ni cha angani, lakini vilitosha. Mkalimani nikawa mimi.

"Muulize hivi," Adut akasema, akiwa bado anatazama chini. "Mtoto mmoja. Amevaa gunia jeupe. Amesimama juu ya alama nyeupe. Angemwona?"

Nawaambia ukweli, nilitaka kulipunguza lile swali ili jibu likija baya lisimwumize. Nikalisema kamili. Gena akaniomba nirudie. Akaweka kikombe sakafuni.

"Alama haikimbii," akasema.

Kisha akaeleza kidogo kidogo. Kutoka pale, siku ya kudondosha, hutazami watu; watu wote ni weusi chini ya miti na miti ni myeusi. Unatazama kinachotembea. Alama imelala. Kipande cha alama kikiinuka kikakimbia, hicho si alama, ni mtoto, maana watu wazima huogopa. Hapo yeye humpigia kelele rubani asidondoshe, na ndege inazunguka upya. Nikamuuliza kama ilimtokea. Akasema ilimtokea, na iliwatokea wenzake. Nikataja kijiji cha Adut. Akatikisa kichwa. Hawakuwa na majina ya vijiji, walikuwa na namba za ramani tu.

"Labda mimi," akasema. "Labda mwingine. Lakini walimwona. Kama walizunguka, walimwona."

Nikayatafsiri yote, neno kwa neno, mimi niliyesema haiwezekani. Adut hakunitazama hata kwa ushindi. Aliweka kiganja kwenye kioo akakiacha hapo.

Nilidhani yameisha. Lakini Gena naye alikuwa na swali, na alilitafuta kwa muda kabla ya kulisema. Mlipotuona tunaondoka bila kudondosha, mlifikiri nini? Akasema kila mara walipozunguka, rubani alikuwa akilalamika juu ya mafuta, na yeye alikuwa akiwatazama watu waliobaki chini, akijua hawezi kuwaeleza kitu.

"Mwambie walinichapa," Adut akasema.

Nikamwambia. Mzee akashusha macho. Akasema neno moja la Kiswahili ambalo sikujua analo: "Samahani."

"Hapana. Mwambie mlirudi," Adut akasema, na sasa alikuwa akimtazama yeye, si mimi. "Mwambie tulikula."

Honi ikapigwa huko nyuma. Gena akasema ule unga ataupika uji huko angani. Tukatoka.

Shee alitupeleka kwenye barabara ya nje, mahali ambapo njia ya kurukia inaishia na mchanga unaanza. Tukangoja. Ilianza kwa ngurumo kifuani kabla ya masikio, kisha ikatokea kwenye mvuke wa joto, ikija na moshi mweusi nyuma yake, nzito, haiinuki, haiinuki, mpaka nikaanza kuisukuma kwa mabega kama zamani. Ikainuka.

Adut akavua viatu akaanza kukimbia. Mwanamke mzima, mama wa watoto, katika gauni jeupe kwenye mchanga mweupe, anakimbia kuelekea chini ya ile pua ya kioo na mikono juu. Ilipita juu yake ikafunika jua. Taa za mbele zikawaka, zikazimika.

Shee akasema marubani wote huzima taa wakishapaa. Adut akarudi kuokota viatu vyake.

Nairobi hadi Lodwar

Kutoka Nairobi Adut hakutaka basi. Tulichukua ndege ndogo ya kuja hapa, mimi na yeye tukiwa tumebanana, yeye dirishani. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kukubali kushindwa, na kila nikiyapanga yalikuwa mafupi mno.

Ilipoanza kushuka juu ya Turkwel alinivuta nitazame. Tulikuwa chini kama Ilyushin ilivyokuwa ikishuka. Mchanga, vichaka, mbuzi waliotawanyika kama mchele. Kisha kitu kimoja kilitembea. Mwanamke wa shuka jekundu, amesimama, ameinua uso.

"Baba Akol," akasema bila kunigeukia, "yule mgongoni ana mzigo au mtoto?"

Nikaegemea kioo nikatazama vizuri.

"Mtoto," nikasema.